Anayebeti akiibiwa kwenye kadi naye asikilizwe

Mhariri,

Kila ninaposikia mtu kakombwa hela kwenye kadi ya benki baada ya kuitumia kubeti mtandaoni, neno linalofuata ni moja: "Amejitakia." Naomba nafasi kwenye gazeti lako nilipinge neno hilo. Linawaziba watu midomo, na wezi wa kadi wanaishi kwa ukimya huo.

Mimi ni wakala wa benki hapa Mbeya. Watu wengi hunionyesha simu zao kabla hawajathubutu kwenda tawini. Kijana mmoja alikuja na meseji za benki zimejaa kwenye kioo cha simu. Ya kwanza ilikuwa ya Ijumaa, makato ya dola moja. Aliiona, akajua si yake, lakini akaona akipiga simu benki ataulizwa kadi aliitumia wapi. Akanyamaza. Usiku wa Jumapili yakafuata makato mengine makubwa, moja baada ya jingine, mpaka likabaki salio la kununulia vocha. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Dada, naomba nyumbani wasijue."

Ile dola moja ndiyo ilikuwa nafasi yake ya kujiokoa. Mwizi akishapata namba za kadi huijaribu kwanza kwa hela ndogo ambayo mwenyewe hataijali. Ukiona makato usiyoyajua, hata ya shilingi mia tano, funga kadi saa hiyohiyo kwenye programu ya benki au piga simu huduma kwa wateja. Maelezo yatafuata baadaye.

Tukumbuke pia kwamba kadi tulizonazo wengi wetu zinachota moja kwa moja kwenye akaunti. Uingereza ilipiga marufuku kubeti kwa kadi ya mkopo Aprili 2020, na Australia ikafanya hivyo kwa kubeti mtandaoni Juni 2024, kwa sababu watu walikuwa wanazama kwenye madeni. Lakini kwenye wizi, mwenye kadi ya mkopo anabishania hela ya benki. Sisi tunabishania mshahara ambao umeshaondoka, na kodi ya nyumba haisubiri uchunguzi uishe. Ndiyo maana namsihi kila anayebeti: kadi ya akaunti ya mshahara isiguse tovuti hizo kabisa. Fungua akaunti nyingine, au tumia kadi za kwenye simu zinazotolewa na mitandao, uweke humo kiasi unachokwenda kutumia tu. Tovuti ikiuliza kama ihifadhi kadi yako, kataa.

Kampuni nyingi zenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha zinapokea hela kwa simu. Tovuti inayong'ang'ania kadi tu ikutie shaka. Nembo ya Bodi iliyobandikwa chini ya ukurasa usiiamini, maana kuinakili ni kazi ya dakika moja. Itafute kampuni kwenye tovuti ya Bodi yenyewe, kisha ulinganishe anwani herufi kwa herufi. Na ile alama ya kufuli kwenye anwani inaonyesha tu kwamba mawasiliano yamefichwa njiani. Tapeli naye anaweza kuwa nayo.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hata waangalifu. Umeshinda, unataka kutoa hela, unaambiwa utume picha ya kadi ili kuthibitisha akaunti. Kampuni za kweli huweza kuomba picha, ila hukuelekeza ufunike tarakimu za katikati, na zile tatu za nyuma hazihitaji kuziona. Anayetaka kadi wazi mbele na nyuma anataka kuitumia. Namba ya uthibitisho inayokuja kwa meseji usimpe mtu yeyote, maana ukishaitoa ni vigumu sana kuishawishi benki kwamba muamala haukuwa wako.

Vijana wa Aviator, ule mchezo wa kubeti ambao unatakiwa kutoa hela kabla kindege hakijaondoka, nao wanauziwa programu za "kutabiri" kwenye Telegram. Hakuna programu ya pembeni inayojua kindege kitaondoka lini, kwa kuwa matokeo yanatengenezwa na mtambo wa mchezo wenyewe. Programu hizo hupakuliwa nje ya duka rasmi, na ikishapewa ruhusa ya kusoma meseji, inasoma pia za benki.

Ninalo ombi kwa mabenki. Malipo ya kadi kwa kampuni za kamari hubeba alama yake, namba 7995, kwa hiyo benki inaweza kuyatambua. Uingereza, benki za Monzo na Starling ziliwapa wateja kitufe cha kuyazuia tangu 2018. Wateja wetu nao wapewe kitufe hicho, na kila kadi itolewe ikiwa imefungwa kwa malipo ya mtandaoni mpaka mwenyewe aombe ifunguliwe. Wahudumu nao wafundishwe kupokea taarifa ya wizi bila kumsema mtu. Kijana akifika dirishani, afungiwe kadi kwanza, ajaziwe fomu ya kupinga muamala kabla muda wake haujapita, apewe na nakala. Habari ya mkeka wake wa kubeti haiwahusu.

Wakala na msomaji wenu,
Mwanjelwa, Mbeya