Shoga, usiiangalie hiyo tarehe ya Mei

Shoga yangu,

Salamu nyingi za huku Mombasa. Mama yako nilimpitia Jumapili, mzima kabisa ila anauliza mbona siku hizi ukipiga simu sauti imechoka, nikamwambia ni kusahihisha mitihani. Habari ya mkataba sikumgusia, hiyo utamwambia mwenyewe.

Sasa meseji yako imenitia wasiwasi. Unasema shule unayofundisha huko Thailand imekwambia mwisho wa mkataba ni 31 Machi lakini wewe umetulia tuli kwa sababu muhuri wa pasipoti unasema 20 Mei. Thailand hawahesabu hivyo, shoga. Ule muhuri ulipewa kwa ajili ya kazi, kazi ikiisha na ruhusa ya kukaa imeisha siku hiyo hiyo, tarehe iliyoandikwa pale iwe Mei iwe Krismasi. Siku ya mwisho ya kazi ndio unatakiwa uwe uhamiaji na barua ya shule wakafute hiyo ruhusa, halafu unaomba wakuongezee siku 7 kwa baht 1,900, na hizo siku 7 ni za kufunga mabegi na kutafuta tikiti, kazi huwezi kuipata hapo. Tena shule inatakiwa iwajulishe watu wa wizara ya kazi ndani ya siku 15, kwa hivyo usijidanganye ati hakuna atakayejua.

Najua utaniambia fulani alikaa mpaka Mei akapita airport bila kuulizwa. Sawa, bahati yake. Faini yenyewe ni baht 500 kwa siku, haizidi 20,000, na ukienda mwenyewe airport na siku chache unalipa unaenda zako. Balaa ni ukamatwe njiani, maana ukikamatwa hata kama umezidisha siku kidogo tu ni marufuku kurudi miaka 5, na wewe na hiyo pikipiki yako polisi wanakusimamisha kila leo!

Mimi ningekuwa wewe ningerudi kwa yule mama wa ofisini wiki hii nimwombe mkataba uandikwe hadi 30 Aprili, hata wakulipe nusu mshahara. Wanajua fika shule zinafungwa Machi zinafunguliwa katikati ya Mei, huu mkataba wa miezi kumi ni ubahili tu wa kukwepa kukulipa likizo, wala usione haya kuomba. Wakikataa, basi hao wa shule ya Chonburi wanaokuahidi kazi wakutumie makaratasi yao kabla Machi haijaisha, maana Songkran, mwaka mpya wao, ni 13 mpaka 15 Aprili na hapo maofisi yote yanafungwa watu wako barabarani wanamwagiana maji. Kuna ofisi za uhamiaji zinakubali kufuta ruhusa ya zamani na kuanza ya mwajiri mpya siku moja, nyingine watakwambia toka nchini uombe Non-B, ile viza ya kazi, upya, kwa hivyo nenda kaulize mapema ofisi ya mkoa wako mwenyewe, usiende na maneno ya walimu wa Bangkok.

Na hii ya kutoka kwenda Laos kuombea viza usiwaige wale Waafrika Kusini, pasipoti yao na yetu si moja. Maombi ya viza siku hizi ni ya mtandaoni lakini lazima uwe ndani ya nchi unayoombea, sasa ulizia kwanza ubalozi wa Laos kama Mkenya anaingia vipi, usije ukarudishwa mpakani na huku nyuma umeshafuta. Ikishindikana njoo nyumbani uombee Nairobi, nauli inauma lakini utalala usingizi.

Kingine, kabla hujaaga chukua barua ya kumaliza kazi yenye tarehe, karatasi za kodi, na kopi ya kibali chako cha Khurusapha, lile baraza la walimu. Ukishaondoka hapo simu zako hawatapokea, nakwambia. Na kibali cha kazi ni cha shule ile ile tu, Chonburi wakikuita ukajaribu kufundisha hata kipindi kimoja kabla hawajakutolea kipya, kataa kwa adabu.

Nipigie picha ukurasa wa muhuri na ule wa mwisho wa mkataba unitumie leo leo, nisome tarehe mwenyewe. Na hiyo pikipiki usiiuze bado, hao wa Chonburi hawajakupa kitu cha maandishi.

Shoga yako