Barua kwa mpwa wangu: usimwache paka nje ya harusi

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi, na baada ya salamu ni furaha tupu. Mchezo wako nimeusoma tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Nakujibu hadharani kwa sababu Mombasa sasa ina vijana wengi wanaochukua ngano za mbali na kuzileta mitaani kwetu ili watu wacheke, na ninayotaka kukwambia yanawahusu na wao.

Umeichukua hadithi ya paka mwenye buti, ile aliyoiandika Charles Perrault huko Ufaransa mwaka 1697, ukamhamishia paka Mji wa Kale. Umechagua vyema. Hakuna mtu wa Kibokoni au Kuze atakayeuliza paka kajifunza wapi ujanja. Na kumvisha gambuti nyeupe za wauza samaki ni jambo lililonifurahisha sana, maana paka wa kwetu akimwona mwenye gambuti anamfuata, na leo wa kwako kazivaa mwenyewe.

Kichekesho kilichonishika zaidi ni cha kikapu. Kwa Perrault paka ananasa sungura na kware kwa gunia, anampelekea mfalme na kusema zimetoka kwa bwana wake. Wewe umempa samaki, changu na tewa, awapeleke Nyali kwa tajiri wa meli. Paka, mwanangu! Anatoka Bandari ya Kale asubuhi na samaki wabichi mkononi. Paka wenzake wamejipanga barazani wanamtazama, mate yanawatoka, naye kakaza macho mbele huku masharubu yakimtetemeka. Kwenye tuktuk kikapu kiko mapajani, harufu inampanda puani daraja lote la Nyali. Anafika getini, askari anafunua kitambaa, samaki wametimia, hakuna hata mmoja aliyeng'atwa mkia. Hapo watu watacheka mpaka waanguke vitini, na wacheke. Lakini mtazame tena huyo mnyama. Ana njaa tangu jana, na anayavumilia yote hayo kwa ajili ya kijana ambaye usiku uliopita alikuwa anatafuta kiroba cha kumtupia sokoni Kongowea. Katika mchezo wako mzima hakuna kitendo cha mapenzi kikubwa kuliko hicho, hata harusi yenyewe haikifikii. Nakuomba uandike mambo mengine yote ukikikumbuka.

(Ulifanya vizuri kuweka kiroba. Kwa Perrault kijana anapanga kumla paka wake na ngozi aifanyie kifuko cha kutia mikono wakati wa baridi. Kwetu ukimtaja mtu anayetaka kula paka, ukumbi mzima utasahau mchezo uanze kujadili haramu.)

Jingine la mwanzoni ni urithi. Mkubwa kapata mashine ya kusaga, wa kati kapata punda na mkokoteni, mdogo kapata paka. Perrault anasema ndugu hawakumwita mthibitishaji wala wakili, kwa kuwa ada zao zingekimaliza hicho kidogo kilichoachwa. Lakini Mombasa, watoto wa kiume wa marehemu Mwislamu, mmoja anapewa mashine na mwingine paka? Mtu wa safu ya tatu atauliza kwa sauti, "Kwa Kadhi hawakwenda?" Atakuwa na haki, maana mahakama za Kadhi ziko, Katiba ya mwaka 2010 inazitambua, na mirathi ni kazi yao. Basi mwache kaka mkubwa aseme kwamba nauli na siku za kupoteza ni nyingi, wayamalize nyumbani kwa nyumbani. Kila mtu pale amewahi kumsikia kaka wa namna hiyo. Mistari miwili inatosha.

Sasa kuzama. Unajua mpango wa paka: bwana wake aingie majini, nguo zifichwe, gari la mkubwa likipita apige ukelele kwamba Mheshimiwa Karabasi, jina alilombandika bwana wake, anazama na wezi wamemwibia. Wewe umeliweka tukio hilo kwenye feri ya Likoni. Hapana, mwanangu, liondoe pale. Mwaka 1994 feri ya Mtongwe ilizama, wakafa watu zaidi ya 270, na mwaka 2019 mama na mtoto wake waliteleza na gari lao kutoka kwenye feri ya Likoni wakazama mbele ya macho ya watu. Miongoni mwa watazamaji wako watakuwamo waliozika. Ukelele wa "anazama!" kwenye maji yale hautachekesha mtu, na paka wako watamchukia papo hapo. Mpeleke Karabasi ufuo wa umma kule Bamburi siku ya Jumapili. Kuna ngamia, kuna wapiga picha, kuna matairi ya kukodi, kuna maelfu ya watu waliovaa nguo zote baharini. Paka azifiche nguo za bwana wake chini ya rundo la matairi, mwenye matairi adai pesa yake ya saa nzima, na maji yenyewe yamfike Karabasi magotini. Kuzama kwenye maji ya magoti kutachekesha bila kumuumiza mtu.

Zimwi sina neno nalo. Umemfanya bwana mkubwa wa mashamba anayejigeuza kampuni, mara mfadhili, mara simba, na mwishowe paka anamchokoza ajigeuze panya. Pia umemwacha paka ateleze na gambuti zake juu ya mabati anapomkimbia simba, jambo ambalo hata Perrault alilifikiria, kwani paka wake anataabika juu ya vigae kwa sababu ya buti. Safi.

Ila kabla ya zimwi kuna wakulima, na hao umewafuta. Warudishe. Katika hadithi paka anatangulia mbele ya gari, anawakuta watu wanavuna, anawaambia wakiulizwa waseme shamba ni la Karabasi, la sivyo watakatwakatwa kama nyama ya kusaga. Kwetu hiyo ni nyama ya sambusa, na watu watacheka. Lakini fikiria ni nani anayeketi kwenye viti vile. Sheria ya hatimiliki za ardhi ya Pwani ilianza mwaka 1908, na mpaka leo zipo familia zilizozaliwa na kuzikana juu ya ardhi iliyoandikwa jina la mtu ambaye hawajapata kumwona. Wanaijua siku ya kuja gari zuri, mtu akateremka, akawauliza shamba la nani. Tena katika hadithi shamba si la Karabasi wala si la wakulima, ni la zimwi. Wanaambiwa wabadilishe jina la bwana tu, jembe linabaki mkononi mwao. Paka wako, ambaye mpaka hapo tunampenda, anawatisha maskini wenziwe. Usimsafishe. Mwache awatishe, kisha umwoneshe akigeuka kuwatazama wakati gari linaondoka.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya nikae kuandika barua hii. Katika ukurasa wako wa mwisho kuna taarabu, kuna pilau, Karabasi na binti wa tajiri wanatunzwa, na paka simwoni. Nimerudi nyuma kumtafuta. Mara ya mwisho anamla zimwi, basi. Perrault angalau alimkumbuka: paka akawa bwana mkubwa, akawa hawindi panya ila kwa kujifurahisha. Wewe umemtumia ukamwacha nje ya geti alilolifungua yeye.

Na hadithi hii si ngeni kwetu. Mmisionari Mwingereza Edward Steere aliichapa kwa Kiswahili mwaka 1870, katika ngano alizosimuliwa Unguja, ile ya Sultani Darai. Maskini anayechakura jaani anaokota thumni, ananunua paa. Paa anaokota almasi, anaipeleka kwa Sultani kwa jina la bwana wake, anamwombea mke, anamsingizia kunyang'anywa nguo na wanyang'anyi ili avikwe upya, anaua joka la vichwa saba na kumpa bwana wake jumba lake. Hatua kwa hatua ni paka yuleyule. Kisha paa anaugua, na bwana wake anaamuru apikiwe uji wa mtama. Mke analia, anasihi, mume hasikii. Paa anakufa na kutupwa kisimani, na mwisho wake yule mtu anajikuta tena jaani anachakura. Napoli nako, huko Italia, mwandishi Giambattista Basile katika karne ya 17 alimsimulia paka jike anayejifanya amekufa ili amjaribu bwana aliyemwahidi heshima zote. Bwana akasema ashikwe mguu atupwe dirishani. Waswahili na Wanapoli wameuliza swali moja: tajiri mpya atamfanyia nini aliyemtajirisha? Wahenga wetu walishajibu kwamba asante ya punda ni mateke, na wewe punda unaye tayari kwenye urithi.

Uliza swali hilo, tena kwa kicheko. Siku ya harusi paka alale kwenye mkeka na kusema anaumwa. Bi harusi ahangaike, atafute daktari. Karabasi yuko kwenye simu anagombana na mpiga picha, anajibu bila kugeuka, "Mpeni uji." Ukumbi utaguna, nina hakika. Hapo paka anyanyuke akiwa mzima, avue gambuti, aziweke juu ya meza ya keki, kisha aanze kuwauliza wageni: kanzu hii ilitoka kwa nani? Jina hili je? Na shamba? Wakati huohuo wale wakulima wawe wamefika kwenye pilau, maana harusi ya Mombasa haimzuii mtu. Tajiri awageukie awaulize kama mara ile barabarani, shamba la nani. Safari hii hakuna wa kuwatisha. Waache waseme wanavyojua.

Baada ya hapo sijui kama Karabasi aanguke chini kwa aibu au aombe msamaha. Hilo ni lako, mkono wako ni mwepesi kuliko wangu. Ila iandike upya kabla hujawagawia waigizaji kurasa, na yule binti anayeigiza paka mpe muda wa kutosha kwenye maswali yake, wala muziki usipigwe juu ya sauti yake. Ukimaliza njoo nyumbani Ijumaa baada ya swala tuisome kwa sauti. Mama yako atasoma bi harusi, mimi nipe zimwi.

Mjomba wako