Malalamiko kuhusu kufutwa kwa tanbihi katika hifadhidata ya magari ya zamani

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Nakala: Mkuu wa Kitengo cha Maudhui

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUREJESHWA KWA TANBIHI, KUMBUKUMBU ZA MASAHIHISHO NA ANWANI ZA ZAMANI ZA KURASA

Mimi ni mwanachama wenu mlipa ada kwa mwaka wa kumi na moja sasa, na kwa muda wote huo nimekuwa pia mmoja wa wachangiaji wa kujitolea walioandika, kulinganisha na kusahihisha takwimu za magari ya zamani katika hifadhidata ambayo kampuni yenu iliinunua kutoka kwa waanzilishi wake. Nalalamika kwamba mlipoibadili sura tovuti hiyo miezi mitano iliyopita, mliondoa tanbihi zote zilizoonyesha kila takwimu imetoka katika kitabu gani, toleo gani na ukurasa gani. Mlifuta kumbukumbu za masahihisho. Na anwani za zamani za kurasa mkaziacha zimrudishe msomaji kwenye ukurasa wa mbele, kana kwamba alichokuwa akikitafuta hakijapata kuwapo. Sura mpya inapendeza, sikatai, na katika simu inafunguka haraka kuliko ile ya awali. Kilichopungua ni kile kilichotufanya tulipe ada.

Naanza na ukurasa ninaoufahamu kuliko yote, wa Citroën DS, kwa kuwa ndio ulionisukuma kuandika barua hii badala ya kuendelea kunung'unika pembeni. Gari hilo lilizinduliwa Paris mwaka 1955 likiwa na mfumo mmoja wa haidroli, yaani unaofanya kazi kwa shinikizo la mafuta, unaohudumia sasipensheni, usukani, breki na ubadilishaji wa gia, na mafuta ya mfumo huo hayakuwa ya aina moja katika miaka yote ishirini ya uzalishaji. Kwa zaidi ya miaka kumi ya mwanzo yalitumika mafuta yanayonyonya unyevu, ambayo mwishowe yalijulikana kwa jina la LHS. Katika nusu ya pili ya 1966 kiwanda kilihamia LHM, mafuta ya madini yenye rangi ya kijani, isipokuwa kwa magari yaliyopelekwa Marekani, ambayo kwa sababu ya kanuni za huko yaliendelea na mafuta ya awali hadi 1969. Mipira ya sili iliyotengenezwa kwa ajili ya mafuta ya aina moja haistahimili yale ya aina nyingine. Huharibika, mfumo ukaanza kuvuja, na dereva hulijua hilo anapokanyaga breki.

Kwa hiyo ukurasa wa zamani ulikuwa na safu tatu badala ya moja, kila safu ikitaja kipindi na soko, na chini yake palikuwa na tanbihi iliyoeleza kwamba mwaka wa usajili hautoshi kuamua, kwamba baadhi ya magari yamebadilishwa mfumo baadaye na wamiliki wake, na kwamba mtu atazame kwanza rangi ya vifaa vya haidroli, ambavyo katika magari ya LHM hupakwa kijani, kabla ya kufungua kopo lolote. Tanbihi hiyo niliiandika mimi baada ya kulinganisha vitabu viwili vya mafundi na orodha moja ya vipuri, kazi iliyonichukua majuma matatu ya jioni. Leo mahali pake pana kisanduku kimoja chenye neno moja: LHM.

Wiki sita zilizopita nilipata ujumbe kutoka kwa mmiliki wa DS ya 1967 iliyouzwa mara ya kwanza Marekani. Alikuwa amesoma kisanduku chenu, akanunua mafuta ya kijani, na alikuwa amekwisha kufungua kifuniko cha tangi la haidroli alipoona kwamba vifaa vyote vinavyolizunguka ni vyeusi. Alisita, akakumbuka kwamba zamani katika ukurasa huo palikuwa na maelezo marefu yenye jina la mtu chini yake, akanitafuta. Gari lake lilipona kwa sababu ya kumbukumbu yake mwenyewe juu ya maandishi ambayo ninyi mliyafuta. Nilipowaandikia huduma kwa wateja siku ile ile, nilijibiwa kwamba taarifa "zimerahisishwa kwa manufaa ya msomaji". Naomba nielezwe ni msomaji yupi huyo, maana mwenye gari hakunufaika, na asiye na gari hana haja ya kujua mafuta yake.

Kosa la pili ni la vipimo, nalo limeenea zaidi kwa sababu linaonekana kufanywa na programu na si na mtu. Katika ukurasa wa Volkswagen Beetle, nati kubwa ya ekseli ya nyuma, ambayo vitabu vya mafundi vinataka ikazwe kwa futi-paundi 217 (kipimo cha nguvu ya kukazia), sasa imeandikwa nyutoni-mita 217. Tarakimu imebaki ile ile, kipimo kimebadilishwa jina. Nyutoni-mita sahihi ni takribani 294, kwa hiyo fundi anayefuata ukurasa wenu ataikaza nati hiyo kwa nguvu isiyofika robo tatu ya inayotakiwa, na ngoma ya breki itaanza kucheza juu ya meno ya ekseli mpaka yalike. Nimekagua kurasa 46 za magari niliyo na vitabu vyake nyumbani, na kosa la namna hii nimelikuta katika kurasa tisa. Sijui hali ya zile ambazo sina vitabu vyake, na hapo ndipo tanbihi ingenisaidia, kwa kuwa mwenye kitabu angeweza kufungua ukurasa uliotajwa akathibitisha mwenyewe kwa dakika mbili.

Nguvu za injini nazo zimeunganishwa katika jedwali moja bila kujali zilivyopimwa. Injini ya LT-1 ya Chevrolet Corvette inaonekana kwenu ikishuka kutoka nguvu za farasi 330 mwaka 1971 hadi 255 mwaka 1972, na programu yenu imeongeza kwa hiari yake sentensi kwamba injini "ilidhoofishwa". Haikudhoofishwa kwa kiasi hicho. Viwanda vya Marekani vilikuwa vikitangaza nguvu ghafi, yaani za injini iliyowekwa mezani bila mizigo yake ya kawaida, na kwa magari ya 1972 vikahamia nguvu halisi, zinazopimwa injini ikiwa na altaneta (kifaa cha kuzalishia umeme wa gari), kichujio cha hewa na mfumo wake wa kutolea moshi. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni tofauti ya mizani. Kushuka kwa kweli kulitokea mwaka mmoja kabla, kutoka 370 hadi 330, mgandamizo wa injini ulipopunguzwa, na jambo hilo katika jedwali lenu halina hata neno moja la maelezo. Tanbihi ya zamani ilikuwa na maneno mawili tu, "ghafi" na "halisi", nayo yalitosha.

Kuhusu Ford Mustang sitasema mengi. Magari ya mwanzo kabisa, yaliyoanza kuuzwa tarehe 17 Aprili 1964, yana namba za utambulisho zinazoanza na tarakimu 5 kwa sababu kiwanda kiliyahesabu yote kuwa ya mwaka wa modeli wa 1965. Mazoea ya wapenzi wa magari kuyaita ya "1964 na nusu" ni lugha ya mtaani, yenye maana yake kwa kuwa yalitoka na dainamo, kifaa cha zamani cha kuzalishia umeme, badala ya altaneta, lakini si rekodi ya kiwanda. Ninyi mmeyatenga chini ya 1964, na mwenye gari halali sasa anaonekana kana kwamba namba yake imeghushiwa.

Niliporipoti suala la nati ya Beetle, ofisi yenu ilinijibu kwamba takwimu hiyo "imethibitishwa na tovuti nyingine tatu". Nilizifungua zote tatu. Zote zimechapisha takwimu hiyo baada yenu, kwa mpangilio ule ule wa safu, na mojawapo ina hata kosa la tahajia nililolifanya mimi mwenyewe miaka minane iliyopita katika jina la kifaa cha klachi, kosa ambalo lilidumu siku nne tu kabla sijalirekebisha na ambalo inaelekea limefufuka kutoka katika nakala yenu rudufu ya zamani. Mashahidi watatu hao, Ndugu Mkurugenzi, ni mtu mmoja aliyebadilisha kanzu. Takwimu ikishanakiliwa bila asili yake, wanaoinakili hugeuka kuwa uthibitisho wa aliyeanza kukosea, na baada ya miaka michache hakuna anayeweza kusema nani alikosea kwanza. Kitu pekee kinachoukata mzunguko huo ni kitabu kilichotajwa kwa jina, toleo na ukurasa.

Sidai kwamba sisi wachangiaji hatukukosea. Mimi niliwahi kuandika kwamba MGB zote, gari la michezo la Kiingereza, zimeunganishwa hasi ya betri kwenye bodi, kwa sababu kitabu nilichokuwa nacho kilikuwa cha toleo la baadaye. Mchangiaji mwingine akanionyesha kwamba zilizotengenezwa kabla ya mabadiliko ya mwishoni mwa 1967 zilikuwa na dainamo na chanya ndiyo iliyounganishwa kwenye bodi. Nilisahihisha, na kumbukumbu ya masahihisho ikabaki na kauli zote mbili, yangu na yake, pamoja na vitabu tulivyotumia. Niliona haya kidogo, lakini aliyekuja baada yetu aliona pia kwa nini vitabu viwili vya gari moja vinapingana, na kwamba vyote viwili ni vya kweli.

Lipo pia suala la vitu tulivyowakabidhi: nakala za vitabu vya mafundi, vipeperushi vya wauzaji, picha za vibao vya namba za chasi. Baadhi ya waliovitoa wamekwisha kufariki, na nakala hizo zilikuwa zimeunganishwa na kurasa kwa anwani ambazo sasa hazifunguki. Kuna walioniambia kwamba Internet Archive, hifadhi ya mtandaoni inayotunza nakala za kurasa za tovuti, itakuwa imeziokoa. Imeokoa baadhi ya kurasa zilizokuwa wazi kwa wote, lakini zilizokuwa nyuma ya nywila ya uanachama, zikiwemo nakala zote kubwa, haikuweza kuzifikia. Mwaka 2009 GeoCities, huduma iliyowapa watu nafasi ya kuweka kurasa zao mtandaoni, ilipofungwa, kurasa nyingi za watu binafsi zilipotea, lakini wenyewe walitangaziwa mapema na wakapata muda wa kuchukua vyao. Sisi hatukuambiwa lolote.

Kwa hiyo naomba, kwanza kabisa na bila kungoja mengine, takwimu zote za breki, mafuta ya haidroli, nguvu za kukazia nati na miunganisho ya betri ziondolewe katika kurasa au ziwekewe alama inayoonekana kwamba hazijahakikiwa, mpaka mtu mwenye kitabu mkononi azipitie. Baada ya hapo tanbihi na kumbukumbu za masahihisho zirejeshwe kutoka katika nakala rudufu, ambazo ni dhahiri mnazo, na anwani za zamani zielekezwe kwenye kurasa zake. Ikiwa kampuni haina nia ya kuvitunza vitu hivyo, basi itupatie wachangiaji nakala kamili ya tulivyovitoa ili tuvipeleke kwa klabu au makumbusho yatakayovipokea. Kazi ya kuhakiki naweza kuifanya bila malipo kwa kurasa zile 46, na wako wenzangu walio tayari kwa nyingine.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 30, kutoka kwa mtu mwenye mamlaka juu ya maudhui na si ujumbe wa kujiendesha. Nisipolipata, nitasimamisha ada yangu na kudai rasmi kurejeshewa nakala zote zilizowekwa kwa jina langu.

Nimeambatisha orodha ya kurasa 46 zilizotajwa, ikionyesha takwimu ya zamani, takwimu ya sasa na picha ya ukurasa wa kitabu husika. Ukurasa wa DS ni wa kwanza katika orodha hiyo, na mpaka asubuhi ya leo ninapoandika, kisanduku bado kinasema LHM.

Wako mwaminifu,

Mwanachama na mchangiaji wa kujitolea