YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAELEZO YA ZANA ZA MFUMO WENU WA BUKING

Moshi, Kilimanjaro

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Arusha.

Ndugu Meneja,

Rejea kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni kampuni ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro, na mfumo wenu tunaulipia kila mwezi. Mlipotangaza kwamba sasa unaungana na wakala wa akili mnemba, yaani programu inayojibu na kutenda yenyewe, kwa itifaki ya MCP (utaratibu wa kuunganisha akili mnemba na mifumo mingine), tuliunganisha. Wageni wetu wengi wako Marekani na Ulaya. Wanaandika sisi tumelala, wakala anawajibu usiku huohuo. Hapo hatuna neno. Tunacholalamikia ni maandishi mliyoyaweka kwenye zana zenu, yaani zile kazi za mfumo ambazo wakala anaweza kuziagiza.

Julai hii mgeni mmoja mwenye kundi lake alikuwa amebuku njia ya Machame kwa siku sita, akaomba aongezewe siku moja ili walale kambi ya Karanga kabla ya kupanda kambi ya Barafu. Jambo la kawaida kabisa. Wakala alipofungua orodha ya zana zenu alikuta mbili zinazofanana: hariri_oda, maelezo yake "Huhariri oda", na badilisha_oda, maelezo yake "Hubadilisha oda". Basi, hakuna zaidi. Akachukua ya pili. Kumbe hiyo inafuta oda yote ya zamani, inaachia vyumba vya hoteli na gari la kwenda getini, ndipo inafungua oda mpya yenye ankara mpya. Kulipokucha vyumba vilikuwa vimeshachukuliwa na wenzetu wa kampuni nyingine, na mgeni ana barua pepe mbili mkononi: moja inamwambia safari imefutwa, nyingine inamdai malipo ya awali upya. Kumtuliza mtu wa namna hiyo kwa simu si kazi ndogo.

Tulipowapigia, kijana wenu alitujibu kwamba tatizo ni akili mnemba yetu, tutafute modeli kubwa zaidi. Jibu hilo silikubali. Modeli iwe kubwa namna gani, haina njia ya kujua kilichobaki kichwani mwa fundi wenu. Karani asipoelewa humuuliza mwenzake wa meza ya pili. Wakala ana jina la zana, maelezo yake na orodha ya vigezo (taarifa anazotakiwa kuijazia), na kwa hayo anaamua. Ingetosha kuandika: "Hufuta oda iliyopo na kufungua mpya. Kama mgeni anabadili tarehe, siku au njia tu, tumia hariri_oda." Tena itifaki yenyewe, tangu toleo la Machi 2025, ina alama za kuonyesha kwamba zana fulani inaharibu data, au kwamba ni salama kuirudia. Zote mmeziacha wazi.

Vigezo navyo ni hivyo hivyo. Kwenye "tarehe" mmeandika "maandishi" tu. Mgeni wa Marekani akiandika 03/07 anamaanisha Machi 7, siye tunasoma Julai 3. Na tofauti hiyo si ndogo kwa mtu anayepanda mlima, maana mwezi Machi masika yanabisha hodi. Kwenye "bei" hamkusema kama ni dola au shilingi, wala kama VAT imo au haimo. Zana ya gari la kumpokea mgeni uwanjani ndiyo ilinichosha. Wakala aliandika KIA, yaani Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro kama tunavyouita sote hapa, mfumo ukamjibu: "Hitilafu 400. Ombi si sahihi." Akarudia ombi lilelile, akajibiwa lilelile, mwisho akamwambia mgeni hakuna gari. Gari lilikuwepo. Kosa lingesema "uwanja: andika kanuni ya herufi tatu, mfano JRO kwa Kilimanjaro", angejirekebisha papo hapo.

Niseme na la haki: zana ya kuangalia nafasi imeandikwa vizuri, ina mfano wa ombi na mfano wa jibu, na haijatuangusha. Aliyeiandika apewe na hizo nyingine.

Tunachotaka ni maelezo ya zana zote yaandikwe upya, pamoja na ujumbe wa makosa, na kabla ya kuyatoa mumpe wakala ayatumie mbele yenu kwa maombi ya wageni wa kweli. Wakati tunasubiri, badilisha_oda izimwe kwenye akaunti yetu. Vilevile mturudishie tofauti ya bei ya vyumba tulivyolazimika kutafuta kwingine. Ankara na kumbukumbu za mazungumzo ya wakala nimeziambatisha.

Tusipopata jibu la maandishi kabla ya mwisho wa mwezi huu, hatutalipa ada ya mwezi unaofuata, na tutaomba data zetu zote tuhamie kwingine.

Wako,

Meneja wa Buking