Majoka sawa, ila maji yako wapi?

Mhariri, mi ni mpenzi wa hizi stori za kubuni zenye majoka na wachawi ila kuna kitu kinanikera kweli. Watu wanahamia nyika ya mpakani, sura ya kwanza wanashusha mizigo, sura ya pili tayari kuna ukuta wa mawe, baa na soko, yaani hata choo hakijachimbwa! Wanakula nini sasa? Nafaka ukipanda leo unasubiri miezi 3 au 4, na mbegu zikiliwa njiani ndo basi tena. Waandishi waangalie makazi ya Jamestown kule Virginia, Marekani, Waingereza walifika 1607 wakachagua sehemu ya kinamasi kisa meli zinatia nanga karibu na ni rahisi kujilinda, kumbe maji yenyewe yana chumvi chumvi, baridi ya 1609 kuingia 1610 njaa ikawafyeka wengi. Na pale palikuwa na wenyewe, Wapowhatan, nchi haikuwa tupu. Kwenye hizi stori wenyeji wanageuzwa mazimwi ili wauawe bila maswali, hapo ndo nakifungaga kitabu. Kama mchawi yupo basi achimbe kisima kwanza, ntasoma.