Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji: wakaguzi wa maegesho wanatuondokea

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Mimi ni msimamizi wa zamu katika kitengo cha maegesho. Wiki iliyopita mkaguzi wangu mmoja kijana alinikabidhi sare yake, imefuliwa na kukunjwa vizuri, mashine ya kutolea notisi za faini juu yake. Hakugombana na mtu. Amepata kazi ya ulinzi kwa mshahara uleule, ila huko anakaa chini ya paa na hatukanwi. Nilimfundisha mwenyewe sheria ndogo, namna ya kupiga picha ili ushahidi usimame dereva akikata rufaa, na lililo gumu kuliko yote, kuongea na mtu aliyepandwa na hasira. Ameondoka nayo yote.

Najua kasma ya mishahara imebana, na sikuombi usichokuwa nacho. Lakini nafasi ya kazi iliyo wazi, ambayo kwenye vitabu inahesabiwa kuwa akiba, mtaani ina gharama. Nimemwona mama akimsukuma mwanawe kwenye kiti cha magurudumu katikati ya malori, kwa sababu mteremko wa kupandia njia ya miguu ulizibwa na gari la mtu aliyesema "dakika mbili tu". Siku hiyo mtaa ule haukuwa na mkaguzi.

Wapo wanaokushauri uikodishe kampuni binafsi maegesho upate fedha za haraka. Jiji la Chicago, Marekani, lilikodisha mita zake za maegesho mwaka 2008, kwa miaka 75, likalipwa dola bilioni 1.15. Mwaka uliofuata mkaguzi mkuu wa jiji hilo, anayechunguza matumizi ya serikali yake, alieleza kwamba bei hiyo ilipungua thamani halisi kwa karibu dola bilioni moja. Wengine wanataka mkaguzi alipwe kwa idadi ya notisi. Nakusihi ukatae. Anayelipwa hivyo atamvizia dereva aliyechelewa dakika moja, na ngumi itampata yeye.

Wanaoacha kazi huniambia sababu, na mara nyingi pesa haiji ya kwanza. Hofu ndiyo huanza. Tupangiwe wawiliwawili kwenye mitaa yenye vurugu. Mkaguzi akipigwa, mwanasheria wa jiji asimame naye. Leo anakwenda polisi peke yake, kwa nauli yake. Ratiba itoke mapema, mwenye mtoto mchanga ajipange. Hayo hayahitaji fedha nyingi.

Linaloniuma zaidi ni mikataba ya miezi mitatumitatu. Mtu ametumikia jiji miaka minne, anajua kila kona, bado anaitwa kibarua na hana daraja la kupanda. Mpe mkataba wa mwaka na cheo cha mkaguzi mwandamizi, hata nyongeza ikiwa ndogo.

Wawili zaidi mikataba yao inaisha mwisho wa mwezi huu. Nimewaomba wasisaini kwingine mpaka nipate jibu lako.

Wako katika utumishi,
Msimamizi wa zamu, kitengo cha maegesho