Mjomba, hakuna filamu iliyorudi

Pasadena, California

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini nyote hapo Tanga hamjambo. Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu.

Uliniuliza kwenye simu ile picha ya sayari ya Neptuni ilipigwaje, na filamu yake ilirudije duniani. Hakuna filamu iliyorudi, Mjomba. Wiki iliyopita nilitembelea JPL, maabara iliyoongoza safari za Voyager 1 na Voyager 2, vyombo vya anga visivyo na watu; hicho cha pili ndicho kilichopiga picha hiyo. Huko nikasimama chini ya mfano wa chombo chenyewe. Kamera zake ni mbili: moja huona eneo pana, nyingine huvuta mbali kwa lenzi ya milimita 1500.

Ndani mna tyubu, ndugu wa zile ulizokuwa ukizifungua kwenye televisheni za zamani. Mwale wa elektroni hupita mstari kwa mstari, mistari 800, nukta 800 kila mstari, na kila nukta hupewa namba ya mwanga wake, kuanzia 0 hadi 255. Picha yenyewe haina rangi. Mahali pamoja hupigwa mara kadhaa kupitia vichujio, cha chungwa, cha kijani, cha bluu, kisha huku duniani huunganishwa.

Namba hizo ndizo zinazosafiri, kwa transmita ya wati ishirini na ushei tu! Kutoka Neptuni, Agosti 1989, mawimbi yalichukua zaidi ya saa nne kufika.

Lakini kilichonigusa hasa ni suala la mwanga. Huko jua ni hafifu kama mara 900 kuliko kwetu, hivyo kamera iliachwa wazi kwa sekunde nyingi, na chombo kiko mbioni. Picha zingevurugika zote. Wahandisi wakatuma maagizo kwa redio, kwa chombo kilichoruka tangu 1977, kijigeuze polepole kikifuata shabaha wakati picha inapigwa. Ndiyo sababu Triton, mwezi wa Neptuni, unaonekana mpaka michirizi myeusi juu ya barafu yake.

Na kuna Linda Morabito, mhandisi wa JPL. Machi 1979 alikuwa akitafuta nyota hafifu za kusaidia kuongoza Voyager 1. Alipoongeza mwanga kwenye picha ya Io, mwezi wa Mshtarii, akaona wingu limechomoza pembeni. Ilikuwa volkano hai, ya kwanza kuonekana nje ya Dunia.

Picha hiyo nimeiweka ndani ya bahasha. Iangalie ukingoni mwa mwezi, kisha unipigie.

Mpwa wako,
Saidi